Bibi Harusi Mmoja, Mabwana Wanane

Tarehe 3 Februari 1991

Mpwa wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tunapumua, na anayepumua hana haki ya kulalamika, ingawa mama yako analalamika. Jino lake bado linamsumbua. Anamwogopa daktari wa meno, halafu ananilaumu mimi kwamba nimekataa kuling'oa kwa koleo. Nimemwambia koleo ni la magari. Amenuna tangu Jumanne. Paka naye amezaa watoto wanne juu ya koti langu la kutokea, kwa hiyo kwa sasa sitoki.

Sikuandikii kwa sababu nina shida. Hilo liwe wazi. Nakuandikia kwa sababu kuna mteja mmoja hapa gereji, mtu mzima, wa heshima zake, si mbaya wa sura, ambaye amepata kamshafti kali. Imetoka kwenye gari la mashindano lililopinduka. Kamshafti unaijua, sina haja ya kukueleza, lakini nitakueleza: ni ule mtaimbo wenye nundu nane unaozunguka ndani ya injini. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma ufito, ufito unasukuma roka, na roka inafungua vali ili injini ivute hewa na kutoa moshi. Sasa hii nundu zake ni ndefu, zimesimama. Vali itafunguka sana na itakaa wazi muda mrefu. Kuishika tu mkononi unasikia mbio.

Mteja anataka kuifunga kwenye pikapu lake la zamani, lenye injini ya silinda nne kama langu. Anauliza kama springi, tapeti na fito zilizomo zitaoana nayo, au atafute nyingine. Mimi jibu ninalo. Ila muulize bosi wako hapo karakana, tuone kama naye anajua.

Mjomba wako,
Daktari wa Injini (kama kibao kinavyosema)

Nimesahau: kile kipimo changu cha majani ya chuma, cha kusetia tapeti, kilipotea wiki ile ile uliyoondoka. Miaka tisa sasa. Sisemi kitu.


Tarehe 19 Februari 1991

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mzima, nashukuru. Chumba nilichopanga kina dirisha moja na jirani mwenye redio mbili, na zote huziwasha pamoja. Mwambie Mama jino halingojewi. Mwambie pia nakula vizuri, aache kuuliza.

Kazini hakuna jipya. Nafagia, nachemsha chai, naandika majina ya wateja kwenye daftari. Karakana ni kubwa, ina mashine ya kusagia kamshafti karibu na dirisha, na mimi huruhusiwa kuingia mpaka ndani, tofauti na gereji fulani ambayo nilifukuzwa nikiwa na miaka kumi na tano nikaambiwa nitaharibu kucha. Sina kinyongo. Natoa habari tu.

Nimemuuliza bosi. Anasema hawezi kujibu mpaka mteja wako ajibu kwanza. Gari lina uzito gani na linabeba nini? Linapanda au linatembea tambarare? Na anataka nguvu zije wapi: injini ikiwa inazunguka polepole, au ikiwa inalia kwa juu? Bosi anasema watu wengi hununua kamshafti kwa sababu ya mlio, halafu wanashangaa gari linapiga kelele na haliendi.

Amesema pia nikuulize mteja huyo ana haraka ya nini.

Mpwa wako

Kipimo? Kipimo kipi?


Tarehe 2 Machi 1991

Mpwa wangu,

Marahaba. Jino la mama yako limehamia upande wa pili, kama linakimbia kitu. Watoto wa paka wamefumbua macho na wamelipenda koti.

Mwambie bosi wako sikumwomba kazi ya ukarani. Maswali yote hayo! Lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa adabu nitajibu. Gari lina uzito wa gari. Linabeba mizigo ya kawaida. Linatembea mahali barabara inapokwenda, na barabara za huku unazijua, nyingine zinapanda. Nguvu anazitaka kote. Kwani kuna mtu anayetaka nguvu sehemu moja tu?

Haraka hana. Ni mtu mtulivu sana.

Habari nyingine za mtaani: yule Honi, niliyemfundisha mimi mwenyewe kufungua nati, amefungua gereji ng'ambo ya barabara, anatazamana na mimi. Bado anapiga honi akifika, akiondoka na akikumbuka kitu. Ametundika kibao kipya, kikubwa, cha rangi mbili: PROFESA WA MAGARI. Watu wananiuliza kati ya daktari na profesa nani mkubwa. Nawajibu sijali. Kweli sijali. Nimelala usingizi mzuri siku mbili kati ya saba.

Springi za zamani nimezibonyeza kwa kidole gumba, naona bado zina nguvu. Bosi wako anasemaje?

Mjomba


Tarehe 20 Machi 1991

Shikamoo Mjomba,

Mama ameniandikia kurasa nne, mbele na nyuma.

Kwa hiyo najua mteja ni nani. Najua kwamba ulikaa kwa kinyozi, sabuni usoni, Honi akaingia akasema daktari ni mtu aliyeshindwa kuwa profesa, nawe ukasimama hivyo hivyo na sabuni yako ukatangaza mashindano. Jumamosi tarehe 15 Juni, pikapu lako na pikapu lake, yote mawili ya mwaka ule ule na injini ya aina moja, matofali mia tatu kila mmoja, kutoka sokoni mpaka kwenye tangi la maji juu ya kilima. Atakayeshindwa atachukua brashi na chokaa, na mbele ya watu wote atafuta kibao chake kwa mkono wake mwenyewe, asijiite tena hilo jina maisha yake yote.

Mjomba, kile kibao aliandika babu. Alikaa siku mbili akikiandika, herufi ya J ikamtoka kinyume, mkakubaliana iachwe. Mama anasema alilia alipoandika sehemu hiyo, na naamini, maana wino umeenea.

Haya, sikiliza bosi anavyosema. Kamshafti ya mashindano inaamka injini ikiwa inalia kwa juu kabisa. Ukiwa na matofali mia tatu kwenye kilima, injini inazunguka polepole, na hapo kamshafti hiyo imelala fofofo. Gari halitashika hata sailensa, yaani kuunguruma taratibu likiwa limesimama. Ukiondoa mguu kwenye mafuta litazima. Halafu springi. Springi ndiyo inayorudisha vali ifunge. Nundu ndefu inaisukuma vali mbali zaidi na kwa haraka zaidi, springi ya zamani haiwahi kuirudisha, na vali inayochelewa kufunga inakutana na pistoni inayopanda. Na kidole gumba si kipimo. Tapeti za zamani nazo zimeshazoea nundu za zamani, zimelika kwa kufuatana nazo. Ukizihamishia kwenye nundu mpya zitakula na kuliwa.

Kwa kifupi bosi anasema usiifunge. Nitumie kamshafti yako ya asili, springi moja na ufito mmoja. Bosi ataangalia.

Mpwa wako


Tarehe 9 Aprili 1991

Mpwa wangu,

Sote tuko salama. Mama yako nimemwambia mambo ya gereji hayaandikwi kwenye barua, naye amesema ataongeza kurasa.

Barua yako ilikuta mteja ameshaifunga.

Lakini mlio, mpwa wangu! Ungesikia! Watu walitoka kwa kinyozi nusu wamenyolewa. Mshonaji wa jirani alisimamisha cherehani. Honi alikuja mpaka katikati ya barabara akasimama pale, hakupiga honi hata moja, na mimi nikakanyaga mafuta tena ili asikie vizuri. Nilikuwa na furaha dakika nne nzima. Sijui kama umewahi kuwa na furaha dakika nne mfululizo.

Baada ya hapo injini iliamua kupumzika. Fito mbili zimebadilika umbo. Vali moja imeinama kidogo, kwa heshima. Nimefunika boneti na turubai nikawaambia watu naificha siri yangu.

Nakutumia kamshafti ya asili, springi moja na ufito mmoja usiopinda. Nimezifunga kwenye koti langu la kutokea kwa sababu paka wamelimaliza. Naomba. Yaani, mteja anaomba.

Mjomba


Tarehe 14 Mei 1991

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi nyingi za kufagia.

Sanduku linakuja na basi, nimelielekeza nyumbani kwa Mama maana gereji yako sasa hivi ina macho mengi. Kwa kuwa umezoea kusikia unachotaka, safari hii nitakueleza kwa lugha ya harusi, labda utasikiliza.

Bibi harusi ni yule yule wako wa zamani, ila amesagwa upya. Nundu zake hazikurefushwa sana. Zimepewa umbo la kushika nguvu chini, pale injini inapozunguka polepole na mzigo uko mgongoni. Hana makelele. Kwa sababu ya kusagwa amepungua kiuno kidogo, kwa hiyo fito zimetengenezwa ndefu zaidi kidogo ili zimfikie. Usichanganye na zako.

Mabwana ni wanane, wote wapya. Wamepangwa kwenye kisanduku, kila mmoja na namba yake. Bwana namba moja anakwenda chumba namba moja, namba mbili chumba namba mbili, na hivyo hivyo mpaka wanane. Wakishaanza kuishi na bibi harusi usiwabadilishane vyumba, hata siku moja, watagombana na yeye ndiye atakayeumia. Kabla ya kuingia wote wapakwe mafuta mazito, yeye kwanza.

Springi ni nane. Bosi alizipima moja moja, zimebanwa na kuachiwa kadiri nundu itakavyozisukuma, na hazigusani pete kwa pete. Nilimuuliza mara tatu kama vyote vimeoana. Vimeoana, Mjomba. Hakuna kimoja kinachomvuta mwenzake.

La mwisho: fungate ni dakika ishirini. Ukiwasha mara ya kwanza usiiache injini kwenye sailensa, ikimbize kidogo, dakika ishirini bila kuzima, ili bibi harusi na mabwana wazoeane wakiwa wamelowa oili. Ukikosea fungate, ndoa imekwisha.

Mpwa wako


Tarehe 30 Mei 1991

Mpwa wangu,

Umetuua.

Sanduku lilifika kwa mama yako, kama ulivyotaka. Barua ilikuwa juu. Mama yako aliifungua, kwa sababu kwake barua ni barua, na kwa bahati mbaya ukurasa wa kwanza ulikuwa umeganda na oili kwenye sanduku, kwa hiyo alianza na wa pili. Ukurasa wa pili unaanza hivi: "Mabwana ni wanane, wote wapya."

Nilikuwa chini ya gari nikasikia ndara. Unazijua ndara za mama yako akiwa na jambo. Akaniita, "Wewe! Toka huko! Toka uone alichofanya mtoto uliyemfukuza!"

Nikatoka. Ameshika karatasi, ananipungia usoni. "Wanane," akasema. "Mimi nimeomba mmoja. Miaka mitano naomba mmoja tu, hata awe na kipara. Amechukua wanane na amewapa namba!"

"Nani?"

"Na vyumba! Kila mmoja na chumba chake! Na fungate lenyewe dakika ishirini!"

Nilielewa aliposoma habari ya mafuta mazito. Nataka nikuambie ukweli, mpwa wangu: nilielewa na nikanyamaza. Nilikaa juu ya tairi nikamwacha asome mpaka mwisho kwa sauti, kwa sababu tangu mwaka uanze sijapata kitu cha kunichekesha. Kosa langu ni hilo tu. Kosa la pili ni kwamba mshonaji alikuwa mlangoni. Nilipomweleza mama yako kwamba mabwana ni tapeti, mtaa wa pili walikuwa wanahesabu chakula cha harusi. Jana mzee mmoja amenisimamisha akaniuliza kwa upole kama hao wanane wote wana kazi. Mama yako haongei na mimi. Jino limepona, lakini. Anasema ni mshtuko.

Sasa kazi. Nimefunga kila kitu kama ulivyo... kama bosi alivyosema. Mafuta mazito, namba kwa namba. Dakika ishirini nilizihesabu kwa saa ya mkononi, mshonaji amesimama pembeni anauliza, "Bado hawajamaliza?" Tapeti nimeseti kwa kipimo. Usiniulize kipimo kipi.

Inaunguruma chini chini, kama mtu mwenye lake moyoni. Haina mlio wowote wa kutisha, na hilo linaniuma kidogo.

Jambo jingine. Honi anaitaka ile kamshafti kali. Alituma shemeji yake, nikakataa. Akatuma kinyozi, nikakataa. Jana amekuja mwenyewe na jeki jipya, akasema tubadilishane.

Tumebadilishana.

Mjomba


Tarehe 7 Juni 1991

Mjomba,

Shikamoo, ingawa nimekasirika. Naandika haraka, kondakta wa basi ananisubiri amewasha gari.

Mama ameniandikia barua ya mstari mmoja: "Kama kuna hata mmoja wa kweli, niambie." Hilo nitalishughulikia mwenyewe.

Lakini Honi! Unajua ile kamshafti ilivyofanya vali zako. Ataifunga na springi zake za zamani. Sitaki ushinde kwa kuua injini ya mtu. Kama babu angekuwapo asingetaka kibao chake kibaki ukutani kwa njia hiyo. Mwambie ukweli wote, wa springi, wa tapeti, wa kilima. Mwambie kabla ya tarehe 15. Usiponiahidi, basi sanduku lile nalidai lirudi, bibi harusi na mabwana wote.

Bosi ameongeza jambo moja la siku yenyewe. Usishindane naye pale tambarare, mwache aende. Ukikaribia kona ya pili, pale kalavati lilipobomoka wakaweka magogo, ingiza gia ya pili kabla ya kona, si ndani yake, halafu usiguse tena chochote. Acha nguvu za chini zifanye kazi. Usikanyage mafuta kwa hasira.

Mpwa wako


Tarehe 18 Juni 1991

Mpwa wangu,

Hujambo? Huku wote wazima. Mama yako anaongea na mimi tena, anaongea sana. Paka mmoja amebaki, wengine tumegawa.

Kwanza Honi, maana najua hujalala. Ahadi uliyoidai niliitimiza kabla barua yako haijafika. Usinifanye mtu mbaya kuliko nilivyo. Siku ile ile ya jeki nilimshika mkono nikamwambia ukweli wote. Nikamwambia: usiifunge hii, inalala chini, springi zako hazitaiweza, kilimani itakuaibisha, mimi mwenyewe imenipinda fito mbili. Nilimwambia mbele ya kinyozi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Daktari, unaiogopa, siyo?" Barua yako ilipofika nikarudi nikamwambia tena, nikamsomea na ile aya ya springi kutoka barua ya Machi. Akaenda kununua springi ngumu, hilo alisikia. La kilima hakulisikia. Nakiri kwamba nilijua hatalisikia, maana mimi ndiye niliyemfundisha, na masikio alichukua kwangu.

Jumamosi asubuhi soko zima lilisimama. Matofali mia tatu hapa, mia tatu pale, mwalimu wa hesabu akayahesabu. Honi akawasha. Mpwa wangu, ule mlio! Nikiri na hili: moyo wangu ulimfuata yeye. Mimi nikawasha, na mtu mmoja nyuma akauliza kama gari langu limewaka.

Tambarare alikwenda kama mwizi. Nilimwacha. Kona ya kwanza sikumwona tena, niliona vumbi tu, na watu wa pembeni wananionea huruma kwa sauti kubwa. Nikasema basi, kibao cha baba kimekwenda. Nilitaka kukanyaga mafuta kwa hasira, mguu ukainuka, nikakumbuka, nikaurudisha.

Kabla ya kona ya pili nikaingiza gia ya pili. Halafu sikugusa kitu. Ikashika. Nilisikia inashika, kutoka kwenye kiti, mgongoni. Matofali mia tatu na mimi na kilima chote, na ile injini haikubadilisha sauti hata kidogo, ikawa inapanda tu. Nilizunguka magogo, nikamkuta.

Alikuwa amesimama katikati ya mteremko. Pale kwenye magogo alilazimika kupunguza mwendo, injini ikashuka chini, ikakohoa mara mbili, ikazima. Akawasha, ikalia, akaachia klachi, ikazima. Akawasha tena. Ameweka jiwe nyuma ya tairi, uso umelowa. Nilipompita nilikuwa nimejiandalia maneno ya miezi minne. Badala yake nilipiga honi tu, mara tatu, kwa sababu hata mimi ni binadamu.

Nilimwaga matofali kando ya tangi, nikarudi chini na kamba nikamvuta mpaka juu na mzigo wake. Injini yake ni nzima, usiogope, ni aibu tu ndiyo imepasuka. Jioni ile alikuja na brashi na chokaa, akasimama mbele ya PROFESA. Akafuta P, akafuta R. Nikamwambia inatosha. Sasa kinasomeka OFESA WA MAGARI, watu wanadhani ni cheo cha jeshi, na wateja wameongezeka. Ndivyo alivyo, huyo.

Sasa la kwako.

Katika barua zote umeniandikia "bosi anasema." Nami nimekuandikia "mwulize bosi wako." Sasa niambie, huyo bosi, ambaye hajawahi kukanyaga mji huu, amejuaje kalavati la kona ya pili limebomoka na kuna magogo? Anayejua magogo yale ni mtu aliyeanguka pale na baiskeli akiwa na miaka kumi, akapasua goti, nikambeba mgongoni mpaka nyumbani akinipiga mateke njia nzima. Na huyo bosi anayepima springi nane moja moja na kuulizwa mara tatu kama vyote vimeoana, mbona anagomba kama mama yako?

Nilijua tangu barua ya pili. Mtu anayefagia haachi alama za vidole vyenye oili, na karatasi yako yote ilikuwa na vumbi la chuma. Nililisugua kwa kidole, nikalijua. Nikanyamaza, kwa sababu kumwambia bosi wako asante ni rahisi, na kukuambia wewe ilibidi kwanza niseme lile jingine. Sasa nalisema. Siku ile nilipokufukuza gereji, ulikuwa umeseti tapeti za gari la mwalimu peke yako, nami nilipozikagua nikakuta ziko sawa kuliko zangu. Ndiyo maana nilikufukuza. Habari ya kucha ilikuwa uongo. Nimeona aibu miaka tisa, mwanangu, na nimeificha kwa kukudai kipimo.

Kibao cha babu yako kiko pale pale, na J yake ya kinyume. Sijakigusa. Ila nimetundika ubao mdogo chini yake, nimeuandika mwenyewe, herufi zangu si nzuri. Ukivisoma pamoja vinasema hivi:

DAKTARI WA INJINI
yuko safarini. Kwa sasa yupo msaidizi wake.

Watu wananiuliza daktari anarudi lini. Nawaambia sijui, nitamwuliza.

Kipimo changu cha majani ya chuma nilikikuta kwenye sanduku, chini ya mabwana, kimefungwa kwenye kipande cha koti langu. Kimesafishwa, hata jani lililokuwa na kutu linang'aa. Nimekitumia mara moja, kwenye zile tapeti. Nakurudishia na barua hii. Mimi msaidizi nitaazima cha Honi.

Msalimie bosi wako.

Mjomba